Kisa cha dogo wa Mikindani na mkataba wa Ulaya, tulivyokichambua kabla mtu hajashika kalamu

Dogo ana miaka 17, kwao Mikindani, mwaka jana alikuwa kidato cha nne. Mama yake anakaanga samaki feri, baba alishaondoka zamani, na nyie wa huku kusini mnaelewa, kwa mtoto wa dada mwenye neno ni mjomba. Mjomba ana mikorosho yake Tandahimba, msimu mmoja ukamkalia vizuri akaagiza baiskeli ya resi ya mtumba kutoka Dar akampa mpwa wake, na toka hapo dogo hajashuka juu ya hicho chuma. Jumamosi anatoka alfajiri, barabara ya Lindi, anaenda mpaka Mingoyo anageuza, anapishana na malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini, jua linamkuta njiani na anarudi bado ana nguvu ya kucheka. Nimeshamfuata nyuma na pikipiki kwenye vilima, naangalia mabega yake, hayachezi. Yaani kipaji kipo, hilo hatubishani.

Sasa mwezi wa kumi, mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali yametoka kuisha, vijana wote bado wana klipu kwenye simu, ikaja karatasi kwa wasap. Kurasa 4, Kiingereza kitupu. Aliyeituma ni mtu wa kati, anasema anakusanya vijana wa Afrika Mashariki kwa ajili ya timu ya Ulaya, kaona video za dogo, anataka saini ndani ya wiki mbili kwa sababu kambi inaanza Novemba mwanzoni. Novemba ndo mtihani wa kidato cha nne. Mama kasema mtoto hatoki bila kufanya mtihani. Mjomba kasema anatoka. Fundi wake wa baiskeli kasema yeye hana la kusema. Dogo mwenyewe alikuwa kashaanza kuaga watu. Hapo ndo nikaitwa, kwa sababu mimi ndo nahangaika na hawa vijana wa baiskeli na mbio za Ulaya nazifuatilia miaka, kwahiyo naweka hapa kisa chote jinsi tulivyokichambua, maana najua karatasi kama hii itamfikia mzazi mwingine Lindi, Masasi au Nachingwea, kama haijamfikia tayari.

Nianze na mjomba kwa sababu watu wanamchukulia kama mtu wa tamaa na si kweli. Hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Alisema hivi, hao wazungu mnaowashangilia mbona walichukuliwa wadogo hivyohivyo, yule Mbelgiji Evenepoel si alisainiwa akiwa na 18, yule Mfaransa Seixas si katolewa kwa vijana moja kwa moja, sasa mpwa wangu akisubiri mpaka amalize shule, afu chuo, afu nini, nafasi si itakuwa ishaenda kwa mtoto wa mtu mwingine? Na huyu mtoto katoka jandoni siku nyingi, ni mwanaume.

Na ukweli mjomba alikuwa sahihi kwenye majina. Remco Evenepoel kazaliwa Januari 2000. Mwaka 2018 akiwa kwenye daraja la vijana alibeba ubingwa wa Ulaya mara mbili, barabara na mbio za saa (kila mtu anaendesha peke yake, anashindana na saa), na wa dunia mara mbili kule Innsbruck, Austria, na ile ya barabara ya Ulaya aliimaliza peke yake wenzake wakiwa dakika karibu 10 nyuma. 2019 akaingia Deceuninck-Quick-Step, daraja la chini ya miaka 23 akaliruka lote, na mwaka huohuo akashinda mbio za San Sebastián kule Hispania akiwa na miaka 19. Paul Seixas naye kazaliwa Septemba 2006, bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za saa mwaka 2024, Januari 2025 tayari yuko timu kubwa ya Decathlon AG2R, na mwaka huohuo akachukua Tour de l'Avenir, mbio za Ufaransa za vijana wa chini ya miaka 23. Kuna Josh Tarling wa Wales, kaenda timu kubwa ya Ineos akiwa na 18. Kwahiyo mtu akikuambia hii habari ya kusaini watoto ni uzushi mwambie sio uzushi, ndo biashara ilivyo sasa hivi.

Na sababu zake zinaeleweka. Zamani timu zilikuwa zinasubiri kijana akue, apitie mbio za chini ya 23, aonekane. Siku hizi dogo wa miaka 16 Ulaya ana kifaa kwenye pedeli kinachopima nguvu anayotoa, ana kocha, ana mtu wa chakula, namba zake zinatumwa kwa timu kila siku, kwahiyo timu inaweza kumjua kabla hajashinda kitu cha maana. Afu toka Evenepoel alipotokea kila timu inaogopa kuachwa, yaani hakuna bosi anayetaka kuja kuulizwa huyu alikuwa mtaani kwako ukamuacha kwanini. Na kijana ni bei rahisi ukimlinganisha na nyota, unamfunga miaka mingi akiwa bado hajulikani. Timu kubwa nyingi zina timu zao za kulea vijana chini yake, wanamuingiza huko afu wanampandisha wakitaka.

Lakini hapa ndo nilipomwomba mjomba tukae, maana alikuwa anaangalia siku ya kusaini tu. Nikamwambia mzee, tuangalie siku ya kuanguka.

Tarehe 15 Agosti 2020, Italia, mbio za Lombardia. Evenepoel ana miaka 20, mwaka huo kila mbio za hatua, yaani za siku kadhaa mfululizo, alizogusa kashinda. Wanashuka mlima wa Sormano, kona moja kwenye daraja anagonga ukuta mfupi wa pembeni, anarushwa upande wa pili, anadondoka bondeni. Video iko wazi kila mtu kaiona, baiskeli imebaki juu yeye hayupo. Nyonga imevunjika, pafu limeumia. Hakurudi kwenye mbio mpaka Mei 2021, karibu miezi tisa, na alivyorudi kwenye Giro d'Italia hakumaliza. Sasa jiulize hiyo miezi tisa alikuwa analishwa na nani, daktari alikuwa anamlipa nani, mshahara ulikata? Alikuwa na mkataba wa timu ya daraja la juu, daraja ambalo kuna makubaliano kati ya chama cha waendeshaji na chama cha timu, kuna kima cha chini cha mshahara, kuna bima, timu inaweka dhamana benki ili hata ikiyumba waendeshaji walipwe. Na kijana anayeingia kwa mara ya kwanza hasainishwi mwaka mmoja wa kujaribiwa afu atupwe, mkataba wake wa kwanza ni miaka miwili. Baba yake naye alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, anaijua hiyo dunia ndani nje. Na Evenepoel mwenyewe alishaishi maisha ya akademi, kacheza mpira vijana wa Anderlecht na PSV na timu za vijana za taifa kabla hajagusa baiskeli 2017. 2022 huyohuyo akachukua mbio za Liège kule Ubelgiji, Vuelta ya Hispania na ubingwa wa dunia, 2024 dhahabu mbili za Olimpiki Paris. Watu wanahesabu medali. Mimi namwambia mjomba hesabu hiyo miezi tisa, kwa sababu bila ile miezi tisa kushikiliwa na watu hakuna medali hata moja baada yake.

Mjomba akanyamaza kidogo afu akasema, huyo ni mzungu, baba yake ana hela. Sawa. Nikamletea wa kwetu.

Biniam Girmay, Eritrea, kazaliwa Aprili 2000, yaani kapishana na Evenepoel miezi miwili na kitu tu. Mwaka 2018 hao wawili wamekutana kwenye mbio za vijana Ubelgiji, na Girmay akashinda hatua Evenepoel akiwemo humohumo. Umri mmoja, mwaka mmoja, barabara moja. Mmoja mwaka unaofuata yuko timu kubwa ya dunia. Mwingine? Yuko Aigle, Uswisi, kwenye kituo cha shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, ambako vijana wa nchi kama zetu wanapelekwa kupitia vyama vyao vya taifa, wanafundishwa kuendesha kwenye kundi la watu mia na zaidi, kula, kulala kwenye baridi, kuongea na watu. Mkataba wa kulipwa kaupata 2020, timu ya Ufaransa ya Delko, sio kubwa, na 2021 ile timu ikafa, akahamia timu ya Intermarché katikati ya msimu. Angekuwa kafungwa vibaya pale angezama nayo. Machi 2022 kashinda Gent-Wevelgem, mbio kubwa ya Ubelgiji, Mei akashinda hatua ya Giro, jukwaani anafungua chupa kizibo kikampiga jichoni, kesho yake hakuanza mbio. Angalia hiyo, hata siku ya furaha kubwa maishani inaweza kuishia hospitali, na palikuwa na daktari wa timu hapohapo. 2024 kachukua hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Miaka sita toka ile hatua ya Ubelgiji. Hajachelewa popote.

Na kama mnataka wa kwenu kabisa nyie watu wa feri, Jonas Vingegaard wa Denmark, huyo alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki Hanstholm asubuhi, samaki na barafu, afu ndo anaenda mazoezi. Timu kubwa kaingia 2019 akiwa na miaka 22. Tour de France kachukua 2022 na 2023. Mama wa dogo hii habari aliipenda kuliko zote, aliniuliza mara mbili kama ni kweli samaki kabisa. Hata Pogačar, aliyechukua ubingwa wa dunia Kigali, hakutolewa daraja la vijana moja kwa moja, alikaa miaka miwili timu ya nyumbani Slovenia, 2018 akashinda Tour de l'Avenir, ndo 2019 akapanda.

Sisemi kuruka daraja ni kubaya kwa kila mtu. Seixas anaonekana kalelewa vizuri. Lakini yupo pia Cian Uijtdebroeks, Mbelgiji, alisainiwa na timu ya Bora akiwa katoka tu vijana, kipaji kikubwa, Tour de l'Avenir 2022 kaishinda, na Desemba 2023 wakaishia kwenye mvutano wa mkataba yeye anataka kwenda timu ya Visma, Bora inasema bado ni wetu, wanasheria wakaingia, dunia nzima inasoma. Kijana wa miaka 20. Yeye alikuwa na wanasheria. Dogo wa Mikindani ana mjomba na mimi.

Sasa turudi kwenye karatasi yenyewe, maana hapo ndo nyama ya kisa ilipo. Tuliisoma kwa mjomba sebuleni, mimi natafsiri mstari kwa mstari, mama kakaa mlangoni, dogo kasimama.

Kitu cha kwanza ni umri. Kwenye baiskeli daraja la vijana linahesabiwa kwa mwaka, ni mwaka unaotimiza 17 na mwaka unaotimiza 18, na timu kubwa inaweza kukuandikisha kuanzia Januari ya mwaka unaotimiza 19. Ndo maana Seixas na Tarling wote walianza Januari ya mwaka huo. Dogo wetu anatimiza 18 mwaka huu wa 2026. Maana yake mwaka huu mzima bado ni daraja la vijana, na mapema kabisa anayoweza kuwa mtu wa timu kubwa ni Januari 2027. Karatasi ilikuwa imeandika anaanza kama mwendeshaji wa kulipwa Januari 2026. Haiwezekani. Hata angekuwa na mapafu ya Evenepoel haiwezekani. Mjomba alinifanya nirudie hesabu kwa vidole.

Cha pili, timu. UCI inaweka orodha ya timu zake kwenye tovuti, timu za daraja la juu, za daraja la pili, na za daraja la tatu zinazoitwa za bara, kila timu na waendeshaji wake kwa majina. Na hayo mambo niliyosema ya kima cha chini cha mshahara yako kwenye madaraja mawili ya juu, daraja la tatu UCI haijaweka kima, inategemea sheria za nchi na moyo wa mwenye timu. Tulitafuta jina lililo kwenye karatasi. Halikuwepo juu, halikuwepo pili, halikuwepo tatu. Ilikuwa inajiita akademi. Akademi sio dhambi, kijana wa miaka 18 anaweza kabisa kwenda kukimbia klabu ya vijana Ulaya na wengi wanafanya hivyo, ila usiniite mfanyakazi wa kulipwa kwenye ukurasa wa kwanza afu ukurasa wa tatu nikawa mwanafunzi ninayekatwa ada.

Cha tatu ndo kiliniuma. Miaka mitano. Wao wanaweza kuvunja siku yoyote wakiona kiwango hakiridhishi, yeye hawezi. Asilimia 40 ya chochote atakachopata, hata akihamia timu nyingine ndani ya hiyo miaka. Tiketi ya kwenda wanatoa wao kama mkopo, ya kurudi haijatajwa. Pasipoti inatunzwa na meneja kwa usalama. Na chini kabisa, maandishi madogo, majeraha na ugonjwa ni gharama ya mwendeshaji mwenyewe.

Niliposoma huo mstari wa mwisho mama yake alisimama akaenda uani.

Niwe muwazi, yule mtu wa kati simuiti tapeli, inawezekana kabisa anaamini anasaidia vijana, na inawezekana wapo aliowasaidia. Ila karatasi ni karatasi. Kijana wa miaka 17 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mtoto, saini yake peke yake haimfungi, kwahiyo saini iliyokuwa inatafutwa pale ni ya mlezi, na mlezi akishaweka dole gumba ndo kamkabidhi. Na pasipoti haikai kwa meneja, jamani, hii nawaomba mzazi yeyote anayesoma aishike hata akisahau mengine yote, pasipoti ya mtoto inakaa na mtoto au na mzazi wake, mtu akiitaka aitunze yeye mazungumzo yameishia hapo.

Kilichomgeuza mjomba sio mimi kwa kweli, ni yeye mwenyewe. Alikaa akavuta ile karatasi ingawa haisomi, akasema, hii si ni kangomba. Na ndivyo ilivyo. Wa huku mnajua, mtu anakuja mikorosho iko kwenye maua, wewe una shida ya ada au msiba, anakupa hela kidogo mkononi, mavuno yote yake, mnada ukifika unaangalia gunia zako zinapita na jina la mtu mwingine. Mjomba kashawahi kuuza hivyo kabla, anajua inavyouma, na toka alipoiona hivyo sikuhitaji kumshawishi kitu. Akaniambia andika jibu, useme mtoto atafanya mtihani, na mengine uyapange wewe.

Tuliandika barua fupi. Mtihani kwanza. Mkataba usizidi miaka miwili. Pasipoti abaki nayo. Tiketi ya kurudi iwe mkononi kabla ya kuondoka. Bima ya matibabu kwa jina lake na nakala tupewe. Jina la timu liendane na orodha ya UCI au waseme wazi ni klabu ya vijana. Mawasiliano yapite chama cha baiskeli cha taifa, kwa sababu bila leseni ya chama cha nchi yako mbio za kimataifa huingii, na njia ya Aigle aliyopita Girmay nayo inaanzia kwenye chama cha taifa, haianzii wasap.

Jibu lilikuja. Mtihani wakakubali. Pasipoti wakakubali. Tiketi wakasema wataangalia. Miaka mitano wakashuka mpaka minne. Bima, kimya. Nikauliza tena bima, kimya.

Wakati hayo yanaendelea tukakuta tatizo jingine ambalo hakuna aliyekuwa analiongelea. Dogo alikuwa analalamika goti la kushoto, kimyakimya, anaogopa ikijulikana wasimchukue. Tukaenda kwa fundi chini ya mwembe. Ile baiskeli gia ya mbele ilikuwa haishuki, waya ulikufa siku nyingi, cheni imeganda kwenye sproketi kubwa ya meno 53, kwahiyo milima yote anayopanda anapanda na gia kubwa. Fundi akachora chaki kwenye tairi na chaki nyingine chini, tukaweka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma, akazungusha pedeli mzunguko mmoja mzima, tukapima kwa futi ya fundi seremala wa jirani, ikapita mita tisa. Nawapa kipimo cha kulinganisha, mpaka mwisho wa 2022 UCI ilikuwa inawazuia vijana kuzidi mita 7.93 kwa mzunguko mmoja, ambayo ni meno 52 mbele na 14 nyuma, na waamuzi walikuwa wanapima hivihivi kabla na baada ya mbio. Lengo lilikuwa kulinda magoti na kumfundisha kijana kuzungusha miguu haraka badala ya kukandamiza. 2023 wakaiondoa hiyo sheria, na binafsi naona ni sehemu ya haraka hiihii ya kuwafanya watoto wakubwa kabla ya siku zao. Watoto wa Ulaya wanayo hiyo gia kubwa lakini wana na ndogo, wana na mtu wa kuwapima kimo cha siti. Huyu wetu fremu yenyewe ni kubwa kwake, alikuwa ananyoosha mguu mpaka kiuno kinayumba. Sasa fikiria angepelekwa na lile goti, kwenye mkataba ule, kambi wiki ya pili goti linavimba, ugonjwa ni gharama yake mwenyewe na kiwango hakiridhishi. Wiki ya pili tu.

Fundi akabadilisha waya, siti ikashushwa, dogo akakatazwa Mingoyo kwa muda, anazunguka Mikindani na Naliendele taratibu na gia ndogo. Mama akawa anamlazimisha kula, asubuhi ming'oko na chai ya maziwa, mchana samaki wa feri na ugali, maana alikuwa kasoma mahali kwamba waendeshaji wa Ulaya ni wembamba akaanza kuruka milo. Hilo nalo waangalieni sana watoto wenu, kijana bado anakua mifupa, akijinyima anajivunja, na mabinti ndo zaidi. Kwa mabinti hali ni ngumu kuliko hata hii, Kigali 2025 ndo mara ya kwanza wanawake wa chini ya miaka 23 kupewa mbio yao peke yao kwenye mashindano ya dunia, kabla ya hapo binti wa miaka 19 alikuwa anatoka vijana anatupwa moja kwa moja na wakubwa.

Mtihani kafanya. Matokeo yamekuja, daraja la tatu, mama yake kanitumia picha ya simu saa kumi na mbili asubuhi. Anaomba VETA hapa Mtwara, ufundi mitambo, na fundi wa mwembeni anamtaka jioni kwa sababu ana mikono. Leseni tunaifuatilia, inakwenda polepole, na mbio za ndani ya nchi ndo tunamtafutia nauli mwaka huu ili awe na matokeo ya kuonyesha, sio klipu. Goti limetulia. Mjomba kasema karatasi nyingine ikija asomewe kwanza sehemu ya hospitali, mshahara atasomewa baadaye.

Dogo mwenyewe bado ana kinyongo na mimi, nalisema kwa sababu ni kweli na linaniumiza. Anaona nimemchelewesha, ananionyesha Seixas kwenye simu ananiuliza huyu ananizidi nini, mwaka mmoja na kitu. Nimemjibu tarehe yako ya kwanza halali ni Januari 2027, umri haujapita, na tarehe hiyo nimeiandika kwa peni nyekundu kwenye kalenda ya fundi pale banda la baiskeli ili tuwe tunaiangalia wote. Jumamosi hii anaanza tena barabara ya Lindi, nusu ya njia, na mimi nyuma yake na pikipiki.